Mifupa ya Sangara Yatoa Ushahidi

Ndugu askari, kama wewe upangwavyo katika kombania na batalioni, ndivyo samaki wapangwavyo na wataalamu katika jenasi na familia. Sangara ni wa jenasi Lates, iliyotambulishwa mwaka 1828 na Wafaransa Cuvier na Valenciennes. Zamani iliunganishwa na samaki wa Amerika katika familia ya Centropomidae. Siku hizi imo katika familia ya Latidae. Aina zake nne hupatikana Ziwa Tanganyika tu. Nyingine huishi pwani za Asia na Australia.

Ukoo huu ni mkongwe. Huko Fayum, Misri, mifupa yake iliyogeuka mawe ina umri upatao miaka milioni 30. Huko Ishango nchini Kongo, kando ya Ziwa Edward, wachimbaji waliikuta mifupa ya sangara kati ya masalio ya wavuvi wa kale. Lakini leo ziwa hilo halina sangara.

Ushahidi huo watuonya. Sangara, aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960 akawamaliza samaki wengi wadogo, naye aliwahi kutoweka kwingine. Nguvu pekee si ngao.