CHUMVI YA BAHARI NA SHAMBA LA PWANI
Habari za Mpungate wa Key Largo

Mkulima wa pwani, mpungate ni mmea uliozoea taabu. Huota penye mawe, hustahimili jua kali, na huweka maji ndani yake mvua ikikosekana. Lakini chumvi ya bahari yaweza kuuangamiza. Sembuse mpunga na muhogo wako?

Katika kisiwa cha Key Largo, kusini mwa Florida, Marekani, palikuwa na mpungate ambao wataalamu huuita Pilosocereus millspaughii. Huota pia katika visiwa vya Bahama na kaskazini mwa Kuba. Hauna majani, vigogo vyake vya kijani vyenye miiba husimama kama nguzo, hata kupita futi 20. Maua yake meupe hutoa harufu ya kitunguu saumu, na popo huyajia usiku.

Mipungate hiyo ilionekana mara ya kwanza huko Key Largo mwaka 1992, juu ya mwamba wa chokaa uliozungukwa na mikoko. Bahari ikazidi kupanda. Mwaka 2017 tufani iitwayo Irma iliisukuma juu ya nchi. Mwaka 2019 maji ya bamvua yalifunika sehemu za chini kwa miezi mitatu na zaidi. Udongo ulichukuliwa na maji, na uliobaki ukaingia chumvi. Kufika mwaka 2021, vigogo vilivyokuwa yapata 150 vilikuwa vimebaki vipande sita dhaifu. Wataalamu waliviondoa ili kuvitunza mahali pa salama, na porini kisiwani humo hakikubaki hata kimoja.

Sababu yake ni hii: chumvi ikizidi udongoni huyashika maji, mizizi isiweze kuyanywa. Mmea hufa kwa kiu ilhali udongo umelowa.

Jambo hili lakuhusu, kwa maana huko Pemba na katika delta ya Rufiji maji ya chumvi yameingia katika mashamba ya mpunga. Basi yafaa ufanye hivi:

1. Angalia dalili: ncha za majani kuungua, unga mweupe juu ya udongo uliokauka, na maji ya kisima kubadilika ladha.

2. Usikate mikoko. Huvunja nguvu ya mawimbi na kushika udongo.

3. Usiteke maji kupita kiasi katika kisima kilicho karibu na bahari. Maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi. Yakitekwa mno, ya chumvi hupanda.

4. Bahari ikiingia shambani, fungua mifereji maji yatoke, kisha ngoja mvua ioshe udongo kabla ya kupanda tena.

5. Weka akiba ya mbegu na vipando vyako vilivyo bora kwa ndugu akaaye mahali pa juu. Fanya hivyo mapema, shamba likiwa bado zima.

Vile vipande sita viliokolewa kwa sababu watu walikuwa wakiikagua mipungate mwaka hata mwaka. Nawe likague shamba lako vivyo hivyo, hasa baada ya bamvua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.