Pato la Wastani na Hali ya Maisha ya Mwananchi

Mnamo Julai 2020 Benki ya Dunia iliitoa Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha chini na kuiingiza katika kipato cha kati, ngazi ya chini. Pato la taifa kwa kila mtu la mwaka 2019 lilikuwa dola 1,080, na mpaka wa kuingia ulikuwa dola 1,036. Mkulima wa Kibosho au Marangu aliyesikia habari hiyo alikuwa na haki ya kuuliza: zangu ziko wapi? Swali hilo ni la msingi katika uchumi wa siasa, na kiongozi wa wananchi hana budi kuweza kulijibu.

Kwanza tuelewe hesabu yenyewe. Wataalamu hujumlisha thamani ya mazao, bidhaa na huduma zilizozalishwa nchini kwa mwaka. Hilo huitwa pato la ndani. Kisha huongeza mapato ya wananchi yatokayo nje, na kutoa yale yanayokwenda kwa wenye mali walio nje. Hilo ndilo pato la taifa. Mwisho hugawanya kwa idadi ya watu wote, vichanga na vikongwe wakiwamo.

Tofauti ya mapato hayo mawili inaonekana Arusha Chini, kusini ya mji wa Moshi, kwenye mashamba ya miwa ya TPC. Mwaka 2000 asilimia 75 ya hisa ziliuzwa kwa wawekezaji wa nje, na Serikali ikabaki na 25. Thamani yote inayozalishwa pale imo katika pato la ndani, lakini faida ya wenye hisa wa nje haimo katika pato la taifa.

Pili, wastani huficha mgawanyo. Tuchukue watu kumi: mmoja anapata shilingi milioni 10, na kila mmoja wa wale tisa anapata laki moja. Wastani wao ni shilingi 1,090,000, kiasi ambacho hakuna hata mmoja wao anayekipata. Vivyo hivyo, tarakimu moja ya mkoa mzima humweka pamoja mwenye kihamba chenye migomba, kahawa na mfongo wa maji huko mlimani, na mwenzake wa tambarare anayengojea mvua.

Tatu, hesabu hii huliona soko zaidi ya nyumba. Ndizi zinazoliwa kihambani hukadiriwa bei na kuingizwa. Lakini mama akiwapikia watoto wake mtori, kazi hiyo ya kupika haihesabiwi. Akiupika na kuuuza soko la Mbuyuni, inahesabiwa. Kulea watoto na kuuguza wagonjwa nyumbani, kazi zinazowaelemea zaidi wanawake, hazimo kabisa.

Nne, pato hufuata bei, na bei ya kahawa haipangwi Moshi. Julai 1989 mpango wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulipovunjika, bei ilianguka. Mibuni ilikuwa ile ile na jasho lile lile. Fedha ndizo zilizopungua.

Je, tuitupe tarakimu hii? La. Nchi inayozalisha kidogo haiwezi kujenga zahanati wala kulipa walimu, na ukuaji wa uzalishaji lazima upimwe. Kosa ni kuitaka tarakimu moja iseme yote. Simon Kuznets, aliyeongoza hesabu za pato la Marekani, alilitahadharisha Bunge la nchi hiyo juu ya jambo hilo mwaka 1934. Tangu 1990 Umoja wa Mataifa umekuwa ukipima pato pamoja na umri wa kuishi na elimu.

Historia ya Kilimanjaro inatupa fundisho. Wakulima wa kahawa waliunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, na sehemu ya fedha za kahawa ikajenga shule. Fedha ziligeuka kuwa hali bora ya maisha kwa sababu watu walijipanga na kuamua matumizi yake.

Basi kila tunapotangaziwa kuwa pato limepanda, tuulize: limetokana na nini, limekwenda kwa nani, na limejenga nini? Kiongozi asiyeuliza hayo atashangilia wastani, huku wananchi wake wakiendelea kuuliza zao ziko wapi.