HDR: Kwa Nini Picha Ile Ile Haionekani Sawa Katika Kila Televisheni?



Wengi wenu mnayakumbuka mahafali yetu yaliyopita. Mwanafunzi mmoja wa darasa la juu alipewa kazi ya kurekodi kwa simu ya mjomba wake, simu ya kisasa kabisa. Tulipoitazama video kwenye simu yenyewe tulifurahi: kanzu zinang'aa, taa za uani zinameremeta, hata nyuzi za kofia zinahesabika. Wiki iliyofuata tukaiweka kwenye televisheni ya madrasa ili wazazi nao waione. Kanzu zikawa za kijivu, nyuso zimefifia, waliokaa kivulini hawaonekani. Maneno yakaanza hapo hapo: kijana kaharibu, kazi hii angepewa mtu mzima. Mwenyewe alinyamaza. Na televisheni ile tuliinunua kwa michango yenu, tukaambiwa dukani kuwa ni ya HDR, na alama imebandikwa pembeni.

Tumeona tulieleze jambo hili kwa kituo, kwanza kwa sababu kijana hakukosea, na pili kwa sababu tunazijua familia zinazodunduliza fedha kwa ajili ya alama hiyo hiyo.

Herufi HDR ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya masafa makubwa ya mwangaza, yaani umbali mrefu kati ya kiza cha mwisho na nuru kali kuliko zote ndani ya picha moja. Mwangaza wa skrini hupimwa kwa kipimo kiitwacho niti. Kwa miaka mingi picha za televisheni zilitayarishwa kwa kukadiria skrini ya niti 100 hivi. Sasa simama mlangoni saa saba mchana utazame ukuta mweupe uliopigwa na jua: huo una maelfu ya niti. Kwa hiyo mpiga picha wa zamani alikuwa na mambo mawili tu, ama ukuta uwe mweupe mtupu usio na alama, ama aliyekaa kivulini apotee.

Mwaka 2014 jumuiya ya wahandisi wa filamu na televisheni iitwayo SMPTE, yenye makao yake Marekani, ilitoa kanuni mpya inayojulikana kama PQ. Kanuni hiyo inafika hadi niti 10,000. Lakini zingatieni tofauti yake na ya zamani, maana ndipo penye kiini cha habari yetu. Picha ya zamani huiambia televisheni, "Hapa ng'aa nusu ya uwezo wako." Picha ya PQ husema, "Hapa toa niti 800." Filamu nyingi za HDR hutayarishwa kwenye skrini za niti 1000, na nyingine za niti 4000. Je, televisheni yenye niti 300 itafanya nini ikiamriwa kutoa 800?

Ni kama msomaji wa kaswida aliyepangiwa kupandisha sauti mahali asipoweza kufika. Ama sauti itamkatikia huko juu, ama aanze chini zaidi ili apate nafasi ya kupanda. Televisheni nayo hufanya moja ya hayo: hukata, na kila kilichozidi uwezo wake kikawa weupe mtupu, au huibana picha nzima ishuke. Kila kiwanda kina hesabu yake ya kukata na kubana, na ndiyo maana televisheni mbili zilizowekwa bega kwa bega hutoa picha mbili. Mfumo wa HDR10, uliotangazwa 2015, hubeba maelezo ya aina moja kwa filamu nzima. Dolby Vision na HDR10+ hubeba maelezo ya kila tukio, hivyo televisheni hubahatisha kidogo zaidi. Upo pia mfumo wa HLG, uliobuniwa na BBC ya Uingereza na NHK ya Japani, ambao hautoi amri ya niti kamili, lakini nao unahitaji skrini yenye nguvu.

Turudi kwenye kanzu zetu. Katika HDR kitu cheupe cha kawaida hakipewi nuru yote. Kwenye skrini ya niti 1000 hukadiriwa kiasi cha niti 200, na zilizobaki ni akiba ya taa, jua na vinavyometa. Skrini dhaifu ikiibana picha hiyo, kanzu nayo hushuka chini ya niti 100. Hapo HDR huweza kuonekana mbaya kuliko picha ya kawaida! Simu ile ya mjomba, kwa udogo wake, inapita niti 1000.

Kiza nacho kina habari yake. Televisheni za LCD zina taa nyuma ya kioo, na nuru huvuja hata mahali panapotakiwa pawe peusi. Zilizo bora hugawa taa hizo mafungu mengi, kila fungu likazimwa peke yake. Za bei nafuu huwaka zote kwa pamoja. Za OLED hazina taa ya nyuma. Kila nukta hujiwakia na kujizimia, kwa hiyo weusi wake ni weusi kweli. Lakini nazo hujipunguza picha ikijaa weupe, na ua uliojaa kanzu ni mtihani kwao.

Alama ya HDR basi inasema nini? Inasema tu kwamba televisheni inaweza kuusoma ujumbe. Kuutimiza ni jambo jingine. Muungano uitwao UHD Alliance uliweka masharti mwaka 2016: niti 1000 na kiza kisichozidi niti 0.05, au niti 540 na kiza kisichozidi 0.0005. Alama tupu ya HDR haidai hayo. Kwa hiyo muulizeni muuzaji idadi ya niti, na kama taa za nyuma huzimika kwa mafungu. Akikuonyesheni kijikaratasi tu, ulizeni tena.

Kwa upande wetu, fundi alikuta hali ya kupunguza umeme imewashwa, nayo hupunguza mwangaza, na televisheni imeelekezwa dirishani. Tukaizima hali hiyo, tukaigeuza televisheni, na kijana akatengeneza nakala ya kawaida isiyo ya HDR. Tuliitazama tena baada ya Isha, na nyuzi za kofia zilionekana, ingawa si kama kwenye simu. Nakala zote mbili zipo ofisini. Anayetaka aje na flashi yake, amwone kijana mwenyewe.