Mkia wa mjusi kafiri ukikatika

Msimu wa mvua mjini Bariadi, taa ya barazani ikiwashwa tu kumbikumbi huijaa, na mijusi kafiri hushuka ukutani kuwinda. Watazame vizuri. Hakosi mmoja mwenye mkia wa namna mbili: karibu na kiuno una madoa na vinundu kama mgongoni, kisha ghafla unakuwa laini, wa rangi moja, mnene kidogo. Hapo ndipo ulipokatika ukaota mwingine.

Kukatika huko amejiandalia tangu yai. Pingili nyingi za mkia wake zina sehemu dhaifu katikati. Paka akiukamata, mjusi hubana misuli, pingili ikaachana, na mishipa ya damu hujifunga papo hapo. Ndiyo maana sakafuni huoni damu ya maana. Kipande kilichobaki huendelea kurukaruka, kwa kuwa neva zake huendesha misuli bila kungoja amri ya ubongo. Paka anahangaika nacho, mwenyewe keshaingia nyuma ya kabati.

Ngozi nyembamba hufunika kidonda, chini yake seli hukusanyika na kuzaliana, na baada ya wiki kadhaa mkia unarefuka. Lakini si ule wa kwanza. Badala ya pingili, ndani mna mrija wa gegedu usio na sehemu dhaifu, hivyo safari nyingine lazima akatikie juu zaidi, kwenye mfupa uliosalia. Tena mkia ni ghala lake la mafuta. Akiupoteza kiangazi, wadudu wameadimika, amepoteza akiba ya chakula. Wazazi, wakatazeni watoto kumpiga ufagio ili waone mkia ukicheza. Hana sumu hata chembe, na anatupunguzia mbu na nondo.

Si kila jamaa yake ana bahati hiyo. Kinyonga na kenge wakikatwa mkia, ndiyo basi. Hata mjusi kafiri akikatika mguu hubaki na kigutu. Wanaootesha mguu mzima, mifupa na vidole vyake, ni salamanda, jamaa wa vyura wenye mkia, kama axolotl wa Mexico. Viluwiluwi nao huweza wakiwa wachanga. Wakishakuwa vyura, uwezo huo hupotea.

Sisi binadamu tumebakiwa na kidogo: ncha ya kidole cha mtoto mdogo iliyobanwa na mlango huweza kuota tena, mradi shina la kucha limesalimika.

Ndiyo maana habari ya panya wa miiba wa Kenya ilinigusa. Mwaka 2012 Ashley Seifert na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba panya hao, waliochunguzwa Laikipia, huchunika ngozi kirahisi wakikamatwa, hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo, kisha huotesha nyingine yenye vinyweleo. Tundu la milimita 4 sikioni lilizibika, gegedu ikaanza kujengeka upya. Panya wa kawaida hubaki na tundu lake. Aliyeuguza mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto anajua kovu linavyovuta ngozi hadi kiwiko kikagoma kunyooka. Kwa kuwalinganisha panya hawa wawili, watafiti wanatafuta kwa nini jeraha la mmoja hujenga ngozi mpya na la mwenzake hukimbilia kovu.