Trei ya mayai yageuka ukuta wa ngome

Chukua trei tupu ya mayai, ile ya karatasi ya kijivu. Ichane kwa mkono, bila mkasi, upate vipande vya ukubwa wa ukucha, kisha uvibandike kimoja kimoja kwenye boksi kwa gundi nyeupe ya seremala. Paka rangi nyeusi kote. Ikikauka, chovya brashi kwenye rangi ya kijivu, ifute kwa kitambaa mpaka ibaki karibu kavu, halafu ipitishe juu juu. Kijivu kitashika kwenye matuta tu, weusi utabaki mashimoni, na boksi litakuwa ukuta wa mawe wa ngome kongwe.

Ndivyo wanavyojenga wapenzi wa michezo ya vita ya mezani, hasa Uingereza, ambako michezo hiyo imeota mizizi. Mwandishi H. G. Wells alipotoa kitabu cha kanuni zake, Little Wars, mwaka 1913, alieleza kwamba yeye na rafiki yake walianza kwa kutandaza vitabu vya ensaiklopidia sakafuni viwe ndiyo nchi yenyewe. Kampuni ya Games Workshop ilitoa mchezo wa Warhammer mwaka 1983, na katika muongo huohuo jarida lake, White Dwarf, likawafundisha wasomaji kutengeneza gari la kivita kwa kopo la deodoranti.

Leo kampuni hiyohiyo inauza majengo ya plastiki yaliyochongwa kwa ustadi mkubwa. Bado mimi naupenda zaidi ule ufundi wa kopo. Jengo la dukani limekwisha kuamuliwa na mtu mwingine. Anayeokoteza hulazimika kwanza kukaa akalitazama jiwe, bati au mti halisi, ajue mvua huuchafulia ukuta wapi na kutu huanzia wapi.

Wala majengo haya si mapambo tu. Katika michezo hii sanamu ya askari ina urefu wa milimita 28 hivi, na katika kanuni nyingi asiyeonekana hapigwi, aliyejibanza nyuma ya ukuta hupata nafuu. Kwenye meza tupu, mwenye silaha za masafa marefu humaliza kazi kabla mwenzake hajasogea.

Malighafi iko jikoni na stoo. Boksi la bidhaa ukililowesha kidogo na kubandua karatasi ya juu, ndani utakuta bati la migongo, lile lile la mapaa yetu. Lipake kahawia iliyochanganywa na chungwa, lina kutu. Vijiti vya kukorogea kahawa ni mbao za sakafu. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakianikwa, ni majani makavu chini ya miti.

Povu jeupe linalokuja na televisheni mpya ndilo zuri kwa vilima, na ndilo linalotaka uangalifu. Rangi ya kupuliza hulila hadi likabaki mashimo, maana kemikali zake huliyeyusha. Lipake kwanza gundi iliyozimuliwa kwa maji, lifunike kila upande, likauke kabisa.

Na usikichonge kilima kiwe mteremko laini, japo vilima vya kweli ndivyo vilivyo. Sanamu zitaporomoka. Kata ngazi, kila moja pana kuliko kitako cha sanamu, ambacho kwa askari wengi wa sasa wa Warhammer 40,000, mchezo mwingine wa Games Workshop, ni milimita 32, na uisimamishe sanamu moja hapo kabla hujaifungua gundi.