Ukomo wa Mshahara wa Mtafiti
Nchini Marekani, sheria ya bajeti huzizuia Taasisi za Kitaifa za Afya kumlipa mtafiti wa chuo kikuu, kwa fedha za ruzuku, zaidi ya ukomo uliowekwa, ambao mwaka 2025 ulikuwa dola 225,700 kwa mwaka. Hivyo, kwa ukomo huo, profesa mwenye mshahara wa dola 300,000, anayeutumikia mradi kwa nusu ya kazi yake, hulipiwa na ruzuku dola 112,850 tu, na dola 37,150 zinazopungua hubebwa na chuo. Nusu hiyo haipimwi kwa saa, bali ni asilimia ya kazi yote anayolipwa na chuo, nayo huthibitishwa kwa kumbukumbu za kazi iliyokwisha kufanyika. Ni sharti gumu, kwa kuwa kufundisha na kutafiti huingiliana. Asilimia isiyo ya kweli huweza kukilazimisha chuo kurudisha fedha.