Trauti wa Mlimani: Hesabu Siku Kabla ya Kuhesabu Samaki

MSOMAJI wetu mmoja, mwalimu mstaafu wa kaunti ya Nyeri, ametuandikia barua fupi yenye swali zito. Amepokea kiinua mgongo chake. Jirani yake anayehama anamuuzia fito nne za kuvulia trauti, pamoja na magurudumu ya kukunjia mshipi, buti za mpira na sanduku la nzi bandia. Kijana wake anaujua mto tangu utotoni. Mama watoto, kwa upande wake, anataka ng'ombe wa maziwa. Mwalimu ametenga shilingi 300,000 na anauliza: je, uvuvi huu una fedha, au ni mchezo wa matajiri tu?

Swali hili si la mwalimu peke yake. Kila mwaka masika yanapomalizika na mito ya Mlima Kenya na Nyandarua kuanza kutulia, wageni wenye fito huonekana wakipanda milima, na wenyeji hujiuliza namna ya kupata sehemu yao. Wiki hii tumeamua kuliweka jambo hili katika mizani.

Bidhaa yenyewe ni nini?

Trauti si samaki wa asili wa Afrika Mashariki. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland. Mayai hayo yalisafiri kwa meli, kwa reli na hatimaye kwa mabega ya wapagazi, na vifaranga wakatiwa katika mto Gura, Nyandarua. Baadaye akaletwa trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ilianzisha kituo cha Kiganjo, karibu na Nyeri, cha kuangulia vifaranga vya kupandwa mitoni. Leo samaki hawa wamo katika mito kama Gura, Chania, Mathioya, Thego, Sagana na Naro Moru.

Namna ya kuwavua ndiyo inayoleta biashara. Mvuvi hatumii wavu wala chambo cha nyungunyungu. Hutumia ndoana ndogo iliyofungwa manyoya, nyuzi na sufi ili ifanane na mdudu wa majini. Mdudu huyo wa bandia ni mwepesi mno kurushwa peke yake, kwa hiyo mshipi wenyewe hutengenezwa mzito, na mvuvi huupeperusha hewani mbele na nyuma mpaka nzi atue juu ya maji taratibu. Trauti akidanganyika, humdaka. Akishtuka, mvuvi amepoteza asubuhi yake.

Mgeni anaweza kutembea kutwa nzima, akavua samaki watatu, akawarudisha wote majini na kuondoka ameridhika. Mtu wa aina hiyo hakuja kununua kitoweo. Amenunua siku moja mtoni, na siku hiyo ndiyo bidhaa ya kuuza. Anayepima biashara hii kwa kilo za samaki atapotea njia mapema.

Ghala lina siku ngapi?

Mfanyabiashara wa mahindi hujua magunia yaliyomo ghalani. Mwenye biashara ya trauti naye lazima ajue ana siku ngapi za kuuza, na idadi hiyo huamuliwa na mvua.

Trauti huwinda kwa macho. Mto ukijaa tope haoni nzi, na mvuvi hana la kufanya. Katika nyanda za juu za Kenya, masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Maji maangavu basi hupatikana zaidi katika vipindi viwili: Januari mpaka mapema Machi, na Juni mpaka mapema Oktoba.

Samaki huyu pia hupenda maji baridi yenye hewa nyingi. Joto likipita nyuzi 20 za Selsiasi huanza kutaabika, na likikaribia nyuzi 25 anaweza kufa. Ndiyo sababu hupatikana juu, karibu na msitu, na si huku chini ambako barabara ni nzuri. Mteja lazima afikishwe huko, na usafiri ni gharama.

Hesabu ya mwalimu

Tuchukue mfano. Tarakimu za bei hapa ni za makisio, na kila msomaji aweke za kwake.

Vipindi viwili vya maji maangavu, pamoja na siku chache za mwishoni mwa Desemba, vinatoa wiki 32 hivi. Wateja wengi wa mijini huja Jumamosi na Jumapili. Hizo ni siku 64. Toa siku 10 za mvua isiyotarajiwa, na ghala la mwalimu linabaki na siku 54 kwa mwaka.

Tuseme anatoza shilingi 3,000 kwa mteja kwa siku. Katika hizo, shilingi 1,600 zinakwenda kwa kiongozi, chakula, usafiri na nzi wanaonaswa kwenye matawi. Kinachobaki ni shilingi 1,400. Gharama za mwaka ambazo hazingoji mteja, yaani matengenezo, ada na matangazo, tuziweke shilingi 60,000.

Akipata wateja wawili kila siku ya mauzo, atakuwa na siku 108 za mteja. Ziada itakuwa shilingi 151,200, na baada ya gharama za mwaka atabaki na shilingi 91,200. Hiyo ni asilimia 30 ya mtaji wake. Hapo ndipo wengi hufunga daftari na kukimbilia kununua fito.

Lakini tuhesabu tena kwa mteja mmoja. Siku 54 zinaleta shilingi 75,600. Toa 60,000, anabaki na 15,600, ambayo ni kama asilimia 5 tu. Mara nyingi hati za Hazina hulipa zaidi ya hapo, na mwenye nazo halowi miguu. Akipungukiwa siku 43 za mteja kwa mwaka, anaanza kula mtaji.

Nambari hiyo ya 43 ndiyo mwalimu anayopaswa kuiandika ukutani. Swali la kumuuliza jirani anayeuza fito ni hili: mwaka uliopita aliuza siku ngapi? Kama hana daftari la kuonyesha, bei ya fito zake na ishuke.

Mto una wenye hisa wengi

Kuna hatari nyingine isiyoonekana katika hesabu hii. Januari na Februari, maji yanapokuwa maangavu na wageni wanakuja, ndipo mkulima naye anapoyahitaji zaidi. Upande wa magharibi na kaskazini-magharibi mwa Mlima Kenya, mito kama Naro Moru, Burguret na Nanyuki huchotwa sana wakati wa kiangazi kwa ajili ya mboga, maua na matumizi ya nyumbani. Huko chini, kuelekea Ewaso Ng'iro, kumekuwa na miaka ambayo baadhi ya mito imekauka kabisa.

Aidha, msitu ukikatwa kingoni, jua hupiga maji moja kwa moja na joto hupanda. Mvua ikinyesha, udongo huingia mtoni na kuziba changarawe ambamo trauti hutaga mayai. Mwekezaji anaweza kuwa na fito bora kuliko wote na bado akafunga duka kwa sababu ya shoka la mtu mwingine.

Kwa hiyo ada ya uanachama katika chama cha watumiaji maji si sadaka. Vyama hivyo vilitambuliwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2002, na ndimo wakulima na wengine wa mto mmoja wanapokutana kugawana maji. Asiyekaa katika kikao hicho hugawiwa kilichobaki. Hali kadhalika, uvuvi wa trauti unahitaji leseni, na mto ukiwa ndani ya hifadhi ya taifa, kama sehemu kubwa ya Nyandarua, mgeni hulipa pia kiingilio. Gharama hizo ziwekwe wazi kwa mteja kabla hajafunga safari. Akizikuta langoni hatarudi tena.

Msimu wa wenzetu ni soko letu

Je, mto ukiwa na tope, kijana wa mwalimu akae bure? Hapa ipo fursa ambayo wengi huipita bila kuitazama. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazojulikana duniani kwa kufunga nzi bandia kwa mkono na kuwauza nje. Kazi yenyewe haihitaji mashine kubwa. Panahitajika meza, taa, jiliwa dogo la kushikia ndoana, mkasi, nyuzi, manyoya na vidole vyenye subira. Bidhaa huuzwa kwa dazeni.

Sasa tazama kalenda. Scotland huruhusu kuvua trauti wa kahawia kuanzia Machi 15 hadi Oktoba 6. Katika jimbo la Montana, Marekani, mito mingi hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Mei. New Zealand, ambako majira ni kinyume, maeneo mengi hufunguliwa Oktoba 1. Mwenye duka hangoji siku ya kufungua ndipo aagize. Anataka mzigo uwe rafuni mapema.

Maana yake ni kwamba nzi wanaofungwa wakati wa vuli yetu wanaweza kuwahi msimu wa Ulaya na Marekani, na wanaofungwa wakati wa masika wanaweza kuwahi ule wa New Zealand. Miezi ambayo mto wetu haumpi kijana kazi ndiyo ambayo meza inaweza kumpa.

Hata hivyo, tusipake sukari. Ndoana bora na baadhi ya manyoya huagizwa kutoka nje, kwa hiyo shilingi ikishuka gharama hupanda, ingawa mauzo ya nje nayo huongezeka thamani. Washindani wapo, wakiwemo Thailand na Sri Lanka. Mnunuzi wa jumla hutaka dazeni mia moja zinazofanana kama mapacha: mkia uleule, mabawa yaleyale. Mfungaji asiyeweza kurudia mkono wake hupata maagizo mara moja tu. Na mtu mmoja nyumbani hawezi kumhudumia mnunuzi wa ng'ambo. Njia ya kawaida ni kuanza kwa kufungia karakana iliyokwisha kujijengea jina.

Ushauri wetu kwa Mwalimu

Mwalimu, usitie shilingi 300,000 zote mtoni. Nunua fito mbili badala ya nne, baada ya kijana kuzijaribu majini na si uani. Kabla ya kulipa, zungumza na mahoteli na nyumba za wageni za Nyeri, Naro Moru na Nanyuki, uone kama unaweza kuahidiwa angalau nusu ya zile siku 43. Ukikosa kabisa, hiyo ni habari njema pia, kwa maana umeipata bure.

Kijana ajifunze kufunga nzi msimu huu wa mvua. Hata asipouza nje, atakaowafunga watapunguza gharama ya wale wanaopotea kwenye matawi, na mgeni hupenda kununua nzi aliyefungwa na mtu wa mto uleule.

Fedha zitakazobaki, ziweke mahali salama mpaka mwaka mmoja wa hesabu ukamilike. Daftari likionyesha faida, ongeza fito mbili. Likionyesha hasara, utakuwa umepoteza sehemu tu na si kiinua mgongo.

Na kuhusu ng'ombe: mama watoto hajakosea. Ng'ombe hukamuliwa hata mto ukiwa na tope. Kama fedha zinatosha kwa fito mbili na ndama mmoja jike wa daraja nzuri, basi nyumba hiyo itakuwa na kipato kinachongoja maji maangavu na kingine kisichongoja.